Kosa Lililofutwa Saa Kumi na Dakika Arobaini

Itangazwe kwa viumbe wote wenye akili, wa sayari hii na za jirani, kwamba Jumanne ya wiki ya pili ya muhula, mwaka wa elfu mbili na tisini na moja, saa nne kamili asubuhi, ndani ya bwalo la zamani la Shule ya Bweni ya Kilele cha Tatu, historia ya elimu ya binadamu ilikatwa vipande viwili: kabla ya Sakafu, na baada ya Sakafu.

Saa nne na dakika kumi na mbili, Sakafu hiyo ilimtangaza Mkuu wa Shule kuwa mwepesi kuliko jogoo.

Maneno ya mwanzo ni ya Mkuu mwenyewe, Bwana Ngailo, aliyeyasoma kutoka kwenye karatasi huku akipiga kisigino chini kila alipofika kwenye neno “maendeleo”. Habari ya jogoo ilikuwa kazi ya Lwitiko Mwakalinga wa Kidato cha Tatu, ingawa siku ile aliyejua ni Lwitiko peke yake, pamoja na Sakafu yenyewe, ambayo haikuwa na mdomo.

Sakafu ilikuwa na miraba sitini na nne ya kioo kigumu, na kila mraba ulijua uzito na joto la mguu uliousimamia. Ukisimama, nguzo ya nuru iliota kando yako, ndefu kwa mzito, fupi kwa mwepesi. Miraba miwili ya jirani ikiwaka buluu, Sakafu ilikuwa inawalinganisha. Ikiwaka nyekundu, mlibadilishana nafasi. Mraba wako ukiwaka kijani, ulitulia, kwa kuwa umefika mahali pako. Hivyo ndivyo Mwalimu Atuganile Mwaipopo alivyowafundisha watoto algoriti, yaani zile hatua ambazo kompyuta huzifuata bila kuuliza kwa nini. Alikuwa ameijenga Sakafu kwa miaka minane, kioo kimoja baada ya kingine, na alikuwa na sheria moja tu: viatu vinabaki mlangoni.

Kwa hiyo asubuhi ile, mbele ya shule nzima, walisimama mstari mmoja ili wapangwe kutoka mwepesi hadi mzito: Bi. Kezia Mapunda, mkaguzi wa elimu kutoka wilayani, akiwa na soksi za maua. Mkuu wa Shule. Sekela, kiranja wa darasa la Lwitiko. Gunia la viazi. Na jogoo wa mpishi ndani ya tenga.

Mambo yalikwenda vizuri hadi pale Mkuu alipoona inafaa kuongeza neno.

“Haya, ndugu zangu, ndiyo maendeleo!” akasema, na kisigino kikatua, *puu!*

Nguzo yake ya nuru, iliyokuwa inakaribia dari, ikanywea hadi ikawa fupi kuliko ya jogoo. Mraba wake ukawaka nyekundu.

“Mkuu, sogea mbele kidogo,” Mwalimu Atuganile alisema kwa upole. “Sakafu inaomba ubadilishane na gunia.”

“Na gunia?”

“La viazi, Mkuu.”

“Haiwezekani!” *Puu!*

Mkuu akabadilishana na gunia, kisha na Sekela, kisha na jogoo, ambaye aliwika. Huko mbele alisimama kimya kwa hasira, na kwa kuwa hakupiga kisigino, Sakafu ikamwona mzito tena, ikaanza kumrudisha nyuma. Njiani akakasirika. *Puu!* Akaanza kwenda mbele. Wanafunzi mia nne walikuwa wameziba midomo kwa mikono, na wengine waliuma tai zao. Nyuma kabisa ya bwalo, Lwitiko alikuwa anahesabu mbao za dari, huku machozi ya kicheko yakimtiririka hadi shingoni.

“Mwalimu,” Bi. Kezia akasema. “Kitu hiki kinatulia lini?”

“Kwa vitu vitano, Mheshimiwa, kikichelewa sana ni malinganisho kumi.”

“Nimehesabu arobaini na moja.” Akashuka kwenye mraba wake, akatafuta viatu vyake. “Chombo cha kufundisha watoto kupanga, na chenyewe hakijui kupanga. Nakupa hadi Ijumaa saa kumi jioni. Ama unieleze kosa ni lipi na limetoka wapi, ama kinang’olewa. Watoto wetu hatuwajaribii vitu.”

“Nani amekosea hapa?” Mkuu alifoka, akiwaangalia mafundi, viranja, hata mpishi.

Mwalimu Atuganile alikuwa amesimama katikati ya kioo na soksi zake nene za sufu, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, akiitazama miraba kama mzazi anayemtazama mtoto aliyetukana mbele ya wageni.

“Kosa ni langu,” akasema.

Kicheko cha Lwitiko kilikatika hapo hapo, kama bomba la maji la Kilele cha Tatu wakati wa kuoga.

*

Ukweli ni kwamba hakuwa amemlenga Mwalimu. Hilo alijiambia mara nyingi wiki ile, kitandani, msalani, na mbele ya sahani ya makande.

Jumapili mchana alikuwa anapiga deki bwaloni peke yake, kwa adhabu ya kuwafundisha ndege-mizigo wasio na rubani wanaoleta mikate kuiangusha kwenye dirisha la bweni la wavulana. Kwa kosa hilo alipewa pia karipio la mwisho. Baba yake alipanda mlima kuja kutia sahihi. Aliishika kalamu muda mrefu, akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kisha akasema tu, “Lwitiko, mwanangu, jina langu limebaki hili moja, usilichafue,” akaondoka kwenye ukungu bila kunywa chai. Kosa jingine moja, la ukubwa wowote, na Lwitiko angerudi nyumbani na sanduku lake.

Kijana mwenye busara angepiga deki akaenda kulala. Lwitiko alipiga deki hadi kwenye mraba wa kona.

Mraba wa kona ndio uliokuwa wa kuifundisha Sakafu. Hukuhitaji kuandika chochote. Ulisimama hapo kwa miguu yote miwili hadi uwake zambarau, kisha ukatembea mfano unaoutaka: hiki kitangulie kile, kile kifuate hiki. Sakafu iliangalia miguu yako, ikaelewa, ikatunza. Mwalimu hakuwahi kuifunga. “Sakafu ya kufundishia nikiifunga,” alikuwa akisema, “itamfundisha nani?” Kila kilichofanyika juu yake kiliandikwa kwa jina la Mwalimu mwenyewe, na katika kumbukumbu mlikuwa na mifano zaidi ya elfu tatu ya wanafunzi wa miaka minane.

Lwitiko akaongeza mmoja. Alitembea, akapiga kisigino, akasogea mbele ya ndoo. Akatembea, akapiga kisigino, akasogea mbele ya tambara la deki. Mara sita. Sakafu ikaelewa: mwenye kupiga kisigino ni mwepesi kuliko vitu vyote. Alicheka peke yake hadi akakaa chini kwenye maji ya deki.

Jambo ambalo hakulifikiria, na ambalo mtoto yeyote wa Kidato cha Kwanza aliyekanyaga kioo kile angemwambia, ni hili: kupanga kunawezekana ikiwa kila kitu kinabaki na uzito wake. Ukiwa mzito sasa hivi na mwepesi baada ya kisigino, hakuna mahali pako. Sakafu itakusogeza hadi mwisho wa dunia, ikitii.

*

Jumatano, vipindi vilipoisha, mtu wa mwisho ambaye Lwitiko alitaka kukutana naye alikuwa anamsubiri nje ya darasa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Lwitiko, wewe una macho ya kunguru. Kosa ukiliona huwa huliachi. Njoo unisaidie.”

Alitafuta udhuru. Kichwani mwake kwa kawaida mlikuwa na udhuru kumi na saba, zimepangwa kwa umuhimu. Hakuupata hata mmoja.

Wakakaa bwaloni, kwenye benchi kando ya kioo, nyayo zikiwa juu yake, maagizo ya Sakafu yakining’inia hewani mbele yao mstari kwa mstari. Mwalimu alisoma kila mstari kwa sauti, akifuata kwa kidole. Aliandika maagizo yale miaka minane iliyopita, na sasa aliyasoma kama barua ya mtu mwingine.

“Hapa nalinganisha. Hapa nabadilisha. Hapa naangalia kama kuna kilichosogea… Unaona tatizo?”

“Hapana, Mwalimu,” Lwitiko akasema, na hilo lilikuwa kweli. Hapakuwa na tatizo. Maagizo yake yalikuwa safi kama maji ya ukungu yaliyokingwa kwenye tanki. Uchafu ulikuwa kwenye ile mifano elfu tatu, ambako Mwalimu hakufikiria kuangalia, kwa kuwa ilikuwa kazi za watoto wake na yeye aliwaamini watoto wake.

“Lazima lipo. Kitu hakijiharibu chenyewe.” Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. “Nimeanza kusahau, unajua? Jumatatu nimekunywa chai, nikaona ina chumvi. Vijiko vitatu! Mwenyewe nimetia, mwenyewe nikakoroga, na bakuli la sukari liko pale pale kila siku.”

Lwitiko akainama kufunga kamba za viatu, ingawa viatu vilikuwa mlangoni.

“Mama yangu alianza hivyo hivyo,” Mwalimu akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. “Kwanza chumvi. Kisha funguo. Akiwa na miaka sitini aliniita kwa jina la mbuzi wake.” Akacheka kidogo. “Alikuwa mbuzi mzuri, sikatai. Ngoja nichote maji ya moto, ukungu umeingia hadi kwenye mifupa.”

Akaenda jikoni na chupa yake ya chai.

Huko nyuma Lwitiko aliwahi kudanganya bila kuhisi lolote. Sasa alihisi kitu tumboni, kizito, cha ukubwa wa kiazi. Na kiazi kile kilimpa wazo ambalo wakati ule lilionekana la kishujaa: alirekebishe lile kosa. Mfano ukifutwa, Sakafu inapona, Mwalimu anapona, Mkuu anasahau, na sahihi ya Baba inabaki salama kwenye jalada. Wote wanatoka wazima!

Akakimbilia mraba wa kona. Zambarau. Akautafuta mfano wa Jumapili, akaukanyaga mara mbili ufutike, akarudi kwenye benchi. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika arobaini. Mwalimu aliporudi na chupa ikitoa mvuke, Lwitiko alikuwa anayakodolea macho maagizo kwa makini kiasi cha kusikitisha.

“Umepata kitu?”

“Bado, Mwalimu. Labda tujaribu tena kesho. Labda… labda itakuwa imetulia.”

*

Na kweli ilikuwa imetulia. Alhamisi walimleta mpishi, gunia na jogoo. Mpishi akaambiwa apige kisigino, akapiga kama anaua nge. Buluu, nyekundu, kijani, kijani, kijani. Kila kitu mahali pake kwa malinganisho matatu.

Lwitiko alisubiri uso wa Mwalimu uchangamke. Ulibadilika rangi.

“Rudia,” akasema.

Mpishi akarudia. Kijani.

“Asante, kaka. Nenda tu.” Mpishi alipotoka na jogoo wake, Mwalimu alifungua daftari la Sakafu, ile orodha ya yote yaliyofanyika na saa yake. Akashuka kwa kidole, akasimama.

“Jumatano, saa kumi na dakika arobaini. Mfano mmoja umefutwa. Mtumiaji: A. Mwaipopo.” Akasoma tena, midomo ikisogea bila sauti. “Ni mimi. Nimelipata kosa, nimelifuta. Na sikumbuki.”

Ukungu ulikuwa unapita madirishani. Mahali fulani kengele ya chakula ililia na mia nne wakaanza kukimbia.

“Lwitiko, wewe ulikuwepo. Uliniona nikifuta?”

Hapo ndipo alipopewa nafasi yake, safi, imewekwa mbele yake kama sahani. Neno moja lingetosha. Lakini aliona mkono wa Baba ukiandika jina herufi moja moja.

“Sikuangalia, Mwalimu,” akasema.

Mwalimu Atuganile akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na daktari.

“Sasa nitamweleza nini Bi. Kezia? Kwamba kosa lilikuwepo, nimeliondoa, silijui? Hapana. Chombo kinaweza kutengenezwa. Lakini mwalimu asiyejua jana amefanya nini hawezi kuachiwa watoto.” Akafunga daftari. “Nitaandika barua ya kuomba kupumzika. Kesho nafundisha kipindi cha saa tisa, kisha nitamkabidhi Mkuu. Usiwaambie wenzako. Sitaki walie kwenye kioo changu, kinashika madoa.”

Alimpapasa kichwani akipita. Lwitiko angefurahi zaidi kama angempiga kofi.

Usijaribu kuuliza alikula nini jioni ile. Sekela ndiye aliyemkuta kwenye ngazi za bweni, akitazama soksi yake ya kulia, iliyotoboka kwenye kidole gumba tangu muhula uliopita.

“We Lwitiko, hicho kidole kinatoka kuangalia wageni kila siku. Huna sindano?”

“Sekela. Mtu akifanya kosa, halafu akalirekebisha kimya kimya, kosa limeisha au halijaisha?”

“Inategemea. Nani amelipa?”

“Hakuna aliyelipa.”

“Basi kuna mtu analipa na hujamwona.” Akamwangalia vizuri. “Umefanya nini?”

“Mimi? Nauliza tu. Ni swali la uraia.”

“Swali la uraia,” Sekela akasema. “Na mimi ni Bi. Kezia Mapunda.” Akaondoka.

*

Ijumaa saa tisa, darasa zima lilivua viatu mlangoni. Mkuu alikuja pia, akasimama pembeni na mikono nyuma, kwa kuwa Bi. Kezia angepiga simu saa kumi na alihitaji jibu. Safari hii alikanyaga kwa vidole, kwa tahadhari, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Kwenye meza ya Mwalimu palikuwa na bahasha nyeupe. Wanafunzi thelathini na tano hawakuielewa. Mmoja hakuweza kuitoa machoni.

“Leo ni algoriti ya kurudi nyuma,” Mwalimu Atuganile akaanza. Sauti yake ilikuwa kavu na ya kawaida. “Uko kwenye njia panda nyingi. Umechagua, umechagua, umechagua, umefika ukutani. Kompyuta jinga hupiga kichwa ukutani. Kompyuta yenye adabu hurudi hatua moja, ikauliza: hapa je, nilichagua vibaya? Kama si hapa, inarudi nyingine. Hairuki hatua hata moja. Hata ile inayoiona aibu.”

Akatembea hadi katikati ya kioo.

“Sakafu hutunza alama za miguu kwa siku saba. Mnajua, ndivyo ninavyowaonyesha mlipopotea. Leo hatutatumia mfano wa kitabuni. Jumatano saa kumi na dakika arobaini, mimi mwalimu wenu nilifuta kitu hapa, na sikumbuki kukifuta. Tangu jana nimekuwa naogopa kuangalia. Sikutaka kuona miguu yangu ikifanya jambo ambalo kichwa changu hakilijui.” Akawageukia wanafunzi. “Lakini nimewafundisha miaka yote kwamba hatua hairukwi. Kwa hiyo tutaangalia pamoja. Sekela, rudisha.”

“Mwalimu…” Lwitiko alisema, lakini ilitoka kama pumzi tu.

Sekela akagusa ukuta. Ijumaa ikarudi nyuma: alama za miguu yao wenyewe zikatoka kinyumenyume kuelekea mlangoni, za wanafunzi thelathini na sita, za Mwalimu, na za vidole vya Mkuu. Alhamisi ikapita: kisigino cha mpishi, vidole vya jogoo kwa mistari midogo. Kisha Jumatano, ambapo Sekela aliziachia alama zitembee mbele.

Kwenye benchi kulikuwa na jozi mbili za miguu. Jozi moja ilikuwa kama mawingu mawili mafifi yasiyo na umbo, kwa kuwa sufu nene haipitishi joto. Mawingu yale yalitoka, yakaelekea jikoni, yakatoweka mlangoni. Saa pembeni ilionyesha saa kumi na dakika thelathini na nane.

Jozi ya pili ikasimama, ikakimbia. Iliwaka rangi ya chungwa, ndefu, nyembamba, na mbele ya mguu wa kulia, kila hatua, palikuwa na nukta moja ndogo nyekundu kali, yenye joto la ngozi tupu.

Kidole gumba.

Alama zikafika mraba wa kona. Zambarau. Zikakanyaga mara mbili. Zikarudi zikikimbia na kukaa kwenye benchi kwa utulivu wa malaika. Baadaye kidogo mawingu mawili ya sufu yakarudi kutoka jikoni.

Vichwa thelathini na tano vikageuka, si kutazama uso wa Lwitiko, bali miguu yake. Alikuwa ameweka mguu wa kushoto juu ya wa kulia, na akasimama hivyo kama korongo.

Lakini Mwalimu Atuganile hakumtazama. Alikuwa amepiga magoti kwenye kioo, mkono juu ya yale mawingu mafifi.

“Nilikuwa jikoni,” akasema. “Nilikuwa nachota maji. Nakumbuka kuchota maji! Bomba lilikuwa linakohoa, mpishi akaniambia subiri…” Akainua uso, na ulikuwa umelowa. “Si mimi. Mkuu, umeona? Si mimi!”

Lwitiko hakuwahi kuona mtu akifurahi kiasi kile kwa kugundua kwamba amedanganywa.

“Mwalimu,” akasema, na safari hii sauti ilitoka, yenye makamasi. “Kuna mwanafunzi mmoja…”

“Ehe?”

“Kuna mwanafunzi mmoja ambaye Jumapili alikuwa anapiga deki. Mwanafunzi huyo aliifundisha Sakafu kwamba mtu akipiga kisigino ni mwepesi. Alitaka Mkuu apitwe uzito na jogoo. Alitaka kucheka tu. Hakujua kama utasema kosa ni lako. Halafu mwanafunzi huyo akaogopa, akafuta, akadhani amerekebisha, kumbe… Na ulipomuuliza, mwanafunzi huyo akasema hakuangalia.”

“Mwanafunzi gani?” Mwalimu akauliza taratibu.

Alama za Jumatano zilikuwa bado zinawaka kwenye mraba wa kona, zikisubiri. Lwitiko akashusha mguu wa kushoto. Akatembea kwenye kioo kirefu kuliko njia yote ya kutoka mjini, akasimama, akaweka miguu yake juu ya zile alama. Kidole kikaingia kwenye nukta.

Mraba ukawaka kijani.

“Mimi, Mwalimu. Ni mimi.”

Mkuu alivuta pumzi ndefu. Kisigino chake kilipanda, kikakumbuka, kikashuka polepole. “Mwakalinga,” akasema, karibu kwa huzuni. “Unalikumbuka lile karipio lina sahihi za nani?”

“Nakumbuka, Mkuu.”

“Nitampigia baba yako.”

“Naomba nimwambie mwenyewe, Mkuu. Nikimaliza.”

“Ukimaliza nini?”

Mwalimu Atuganile alikuwa ameinuka. Aliichukua bahasha nyeupe mezani, akaikunja mara mbili, akaisukuma kwenye mfuko wa kitenge. Hakutabasamu. Alimtazama Lwitiko muda mrefu, na Lwitiko akagundua kwamba kutazamwa hivyo ni kuzito kuliko karipio, lakini si kuzito kama kile kiazi.

“Siku tatu,” Mwalimu akasema. “Siku tatu nimekuwa nazika akili yangu, na wewe umekaa hapo kando unanishikia koleo. Hilo tutalizungumza, mimi na wewe, kabla sanduku lako halijafungwa. Au kabla halijafunguliwa, sijui, Mkuu ataamua.” Akafuta miwani. “Lakini leo nitalala usingizi. Nimebakiwa na lile la chumvi tu, na hilo moja ni la uzee. Naweza kuishi nalo.”

Lwitiko akatazama chini. Mraba ulikuwa kijani bado. Angeweza kunyamaza. Hakuna alama ya mguu kwenye bakuli la sukari.

“Mwalimu,” akasema.

“Nini tena?”

“Chumvi nayo ni mimi.”